Vidole Viwili vya Jost Ebling

Jumatatu, 5 Oktoba 1987

Shangazi Verna ametuita barazani, mimi na Mahlon. Hakutoa hata kahawa. Amesema magoti yake yamezigomea ngazi, na baridi ya mwaka huu haitamkuta hapa. Anahamia mjini Reading kwa mdogo wake. Nyumba ya kinu haiwezi kukaa tupu, kwa hiyo ufunguo atampa mmoja wetu, Jumamosi ya tarehe 17, majirani watakapokuja kuona kinu kikisaga.

Mmoja wetu! Shangazi hana mtoto. Mimi ni mtoto wa kaka yake, na Mahlon ni mtoto wa kaka yake mwingine. Mahlon ni seremala. Husema maneno kumi kwa siku, na kufika jioni bado ana akiba. Mimi nilikuwa nauza mashine za kukatia majani mpaka duka lilipofungwa mwezi wa nne. Mikono sina, mdomo ninao. Shangazi anayajua yote mawili.

Lakini nyumba ile naipenda mimi! Mimi na Lorraine tunaishi kwenye nyumba ya mwaka 1971. Jirani akipiga chafya, mke wangu anamwambia pole kupitia ukutani. Ile ya Shangazi aliijenga Jost Ebling mwaka 1791, kwa mawe aliyoyachimba kwenye kilima kilekile kinachoiegemea kwa nyuma. Nusu ni makazi, nusu ni kinu cha kusaga nafaka, na paa ni moja. Kijito kinasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha mawe ya kusagia, na nyuma ya ukuta huohuo watu wanakula supu yao kwa amani. Jiwe la juu ya mlango lina majina mawili, Jost na Katarina, la mke limechongwa kwa ukubwa sawa na la mume. Baba alininyanyua mabegani nilisome nikiwa na miaka sita.

Nahitaji kazi moja. Moja tu, ya kuonekana, ambayo Mahlon hajaifanya.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimeikagua nyumba na daftari mkononi. Nilikusudia kutafuta kasoro. Saa tatu nzima zimeisha nikisifu tu.

Kuta zina unene wa futi mbili. Mtoto anaweza kukaa ndani ya dirisha na miguu isining'inie. Boriti za mwaloni zimekatwa kwa shoka, kisha zikapitishwa patasi kwenye kona zote ili mtu aliyebeba gunia asijichune. Kila kiungo kina alama ndogo, mikato miwili hapa, mikato miwili pale, ili mafundi wajue ulimi gani unaingia kitundu gani. Hakuna msumari wa chuma! Vigingi vya mti tu. Na kuna mlango mmoja mwembamba kutoka jikoni hadi kwenye mawe ya kusagia, ili msagaji asikie ngano ikipungua bila kuacha kifungua kinywa chake. Mtu aliyewaza mlango ule, ningempa mkono.

Mahlon alikuwa pale, anasugua komeo la dirisha. Akaniuliza kama nimekuja kununua. Nikamjibu kwamba baadhi yetu tunatazama kabla ya kushika. Akaendelea kusugua.

Kisha nikashuka chini, kule gizani karibu na gurudumu. Na nikaona! Mawe ya kusagia yamebebwa na kiunzi kikubwa cha mwaloni, nguzo nene kama kiuno changu, ambacho si haba. Na kati ya kiunzi kile na ukuta wa nyumba kuna upenyo. Upana wa vidole viwili, pande zote, juu hadi chini. Hata mbao za sakafu zimekatwa zikaishia kabla ya kukigusa. Kiunzi kimesimama peke yake kama mgeni asiyejua akae wapi.

Jost masikini. Kazi yote ile, halafu akakosea vipimo!

Na Mahlon amepita hapo miaka thelathini bila kuziba. Uvivu. Hakuna neno lingine.

Alhamisi, 8 Oktoba

Siku kuu! Alhamisi Shangazi huenda kanisani kushona mablanketi ya viraka na kina mama wenzake. Nikaingia na mifuko mitatu ya simenti, mwiko, na beseni la kufulia la Lorraine.

Simenti ni kitu kigumu kukielewa. Ukitia maji kidogo inakataa. Ukiongeza kidogo inakimbia. Ya kwanza yote imetumbukia kwenye shimo la gurudumu. Ya pili imenishika kiatu cha kushoto, nikalazimika kuukung'uta mguu kwa muda mrefu. Kisha nikapata akili ya kugongea kwanza kabari za mbao ngumu, kumi na tisa, kwa nyundo, kabla ya kujaza simenti. Sasa kiunzi na ukuta vimeshikana kama maharusi.

Katikati ya kazi nikasikia mlango. Mahlon! Nikaingia kwenye sanduku la kuhifadhia unga, nikafunika. Akakaa juu yake. Juu yake hasa! Akala pai ya molasi polepole na kumweleza paka kwamba mvua itanyesha Jumapili. Ndio maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akisema, na aliambiwa paka.

Nikiwa humo ndani nikawa nachezesha vidole gizani. Ukingo wa sanduku umelainika kama sabuni iliyotumika. Miaka mia mbili ya viganja vya watu wanaochota unga. Pembe zake zimeunganishwa kwa meno ya mbao yanayokumbatiana, wembe haupiti. Nimekaa kwenye makochi mabaya kuliko sanduku lile.

Alipoondoka nikamalizia, nikasugua vumbi la pumba juu ya simenti ili rangi ifanane. Hapana anayeweza kujua. Jumamosi ya tarehe 17 nitamshika Shangazi mkono, nimshushe chini, nimulike tochi, na niseme: Shangazi, miaka mia na tisini na sita, na hakuna aliyethubutu.

Lorraine ameuliza beseni liko wapi. Nimesema sijui.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nilidhani si vibaya kumpunguza Mahlon kidogo. Nikamwambia Shangazi, kwa huzuni, kwamba nimesikia Mahlon akisema nyumba inaegemea upande wa kijito. Eti ukuta wa mashariki umechoka.

Nilitegemea akasirike. Badala yake akafungua kabati na kutoa timazi ya marehemu mumewe, ile ya risasi yenye kamba, akanituma darini. Mimi! Ngazi tatu, na ya mwisho imejipinda ndani ya ukuta kama kombe la konokono. Nikaitoa kamba dirishani na kuishusha mpaka chini.

Kamba ililala juu ya ukuta kutoka paa hadi msingi. Sikuona mwanga katikati, hata wa unywele. Mawe yaliyobebwa na mkokoteni wa ng'ombe, yakapangwa na watu wenye kamba na macho yao tu! Nilisahau kabisa kilichonipeleka. Nikamwita Shangazi aje aone. Akanijibu kutoka chini kwamba ameuona ukuta huo tangu 1926, na nishuke.

Kisha akamwita Mahlon na kumuuliza, mbele yangu, kama ni kweli amesema nyumba inaegemea. Nikatazama viatu vyangu. Cha kushoto bado kina simenti.

Mahlon alinitazama. Akasema, "Labda nilisema, Shangazi. Nilikosea."

Ananidhalilisha kwa wema! Mtu mjanja sana huyu.

Jumapili, 11 Oktoba

Mvua. Paka aliambiwa kweli.

Chakula cha mchana, nyama ya nguruwe na kabichi chachu. Lorraine ameniuliza swali kati ya kijiko na kijiko. "Irwin, hiyo nyumba unaitaka, au hutaki tu Mahlon aipate?"

Nikamwambia ni swali la kitoto. Akasema basi nijibu kitoto. Nikaomba chumvi.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimeandika hotuba ya kupokea ufunguo. Kurasa kumi na mbili. Nikaenda kuisomea nyumba yenyewe wakati Shangazi yuko kwa daktari wa macho.

Nilianza jikoni. Sikufika ukurasa wa pili. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia dirisha la kusini, likavuka sakafu, likapanda juu ya meza, likasimama mahali pa sahani. Nikatazama nje nikaelewa. Wameligeuza jiko lielekee kusini na kinu kielekee kijitoni, kila upande ukapewa unachohitaji, na kilima kimewekwa nyuma kama mgongo wa kiti ili upepo wa kaskazini upite juu ya paa. Meko iko kwenye pembe ya chumba, kwa hiyo bomba moja la moshi linapasha vyumba viwili. Hakuna kitu kilichowekwa kwa sababu tu ni kizuri, na bado vyote ni vizuri.

Nikakaa. Nikamjibu Lorraine kimoyomoyo. Naitaka. Ningeitaka hata kama Mahlon hajazaliwa.

Jibu hilo sitampa. Atafurahi mno.

Nikashuka kutazama kazi yangu. Ngumu kama mwamba! Nje, Mahlon alikuwa kwenye gurudumu anapaka mafuta ekseli. Akaniuliza kwa nini natabasamu. Nikasema nitakuambia Jumamosi.

Jumamosi, 17 Oktoba

Naandika hii nikiwa kwenye gari, nje ya nyumba ya Shangazi, kwa sababu sitaki kuingia na Lorraine hataki kutoka.

Walikuja watu arobaini. Mchungaji naye alikuja na mke wake. Shangazi amekaa jikoni kwenye kiti chake, sufuria la supu ya kuku na mahindi mezani, kabati la vyombo nyuma yake limejaa vikombe vya mamake. Nimevaa tai. Hotuba mfukoni.

Saa nne Mahlon akafungua maji.

Gurudumu likazunguka vizuri. Watu wakapiga makofi. Kisha mawe ya kusagia yakashika ngano, yakaanza kunguruma, na mngurumo ule haukubaki kwenye kinu. Ulipita ukutani. Niliuhisi kwenye meno. Vikombe vya kabatini vikaanza kutembea, kimoja kimoja, kama waumini wanaotoka kanisani. Cha kwanza kikaanguka, kisha vinne kwa pamoja. Saa ya ukutani ikaruka. Kipande cha plasta kikubwa kama sahani kikaangukia supu, na mke wa mchungaji akapata mahindi ambayo hakuyaomba.

Shangazi akasimama bila fimbo. "Mahlon! Funga maji! Funga!"

Kimya kikaja ghafla. Juu ya mlango wa jikoni, kwenye ukuta ambao wiki iliyopita niliupima kwa timazi, kulikuwa na ufa. Mrefu kama mkono wangu, mwembamba kama uzi.

Shangazi aliutazama ufa ule, hakutazama vikombe. Akasema ameishi hapa miaka sitini na moja. Kinu kimesaga akila, kimesaga akilala, kimesaga mumewe akifa kwenye chumba cha juu, na hakijawahi kutikisa hata kijiko.

Mahlon akashuka na tochi. Alirudi na kipande cha simenti mkononi, chenye alama ya soli ya kiatu.

Nikasema huenda Jost mwenyewe alijaza. Watu wakanitazama. Nikasema labda ni panya buku. Mahlon akafungua mdomo, na nikamwona anatafuta neno la kuniokoa kwa mara ya pili, na sijui kwa nini, hilo ndilo nililoshindwa kuvumilia.

Nikasema, "Ni mimi, Shangazi. Mimi ndiye niliyeziba. Nilidhani alikosea."

"Nani alikosea?"

"Jost."

Sikupigiwa kelele. Ningependa nipigiwe. Shangazi alikaa chini na kunieleza, mbele ya watu arobaini, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kinu hutetemeka, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo Jost alikipa kiunzi miguu yake chenyewe, na msingi wake chenyewe, ndani ya nyumba lakini bila kuigusa nyumba popote. Kinu kinatikisika kinavyotaka, kuta hazina habari, na Katarina akalaza watoto wake.

"Upenyo ule, we mtoto," akasema, "ndio ulionifanya nikakubali kuolewa kwenye kelele. Baba mkwe alinishusha chini akanionyesha, akaniambia tia vidole. Nikatia. Nikasema sawa."

Nina miaka hamsini na miwili. Kuitwa "we mtoto" hakujawahi kunistahili zaidi.

Ufunguo amepewa Mahlon. Hotuba sikuisoma.

Jumatatu, 19 Oktoba

Mahlon amepiga simu saa kumi na mbili asubuhi. Amesema: "Njoo na patasi." Nikasema sina. Akasema anayo.

Kutwa nimepiga magoti pale chini nikichokoa simenti. Mahlon upande mmoja, mimi upande mwingine. Hataki tupige kwa nguvu, tusije tukaumiza mawe. Hunishika kiwiko, hunionyesha, huondoka. Kufika mchana nilikuwa nimetoa kabari saba na ngozi ya vidole vitatu.

Ila ukikipapasa kiunzi kwa siku nzima unakijua vingine. Nguzo nne, na kila moja imechongwa ikapungua kidogo kuelekea juu, jambo ambalo jicho halilioni ila mkono unalihisi. Nikamwuliza Mahlon kwa nini. Akasema uzito unakaa chini, juu hauhitajiki. Nikasema Jost alikuwa na akili. Akasema, "Eeh." Tulikuwa tumezungumza!

Jumanne, 20 Oktoba

Leo, nyuma ya kabari ya mwisho, ndani kabisa ya pembe, patasi yangu imegonga kitu kilichotoa sauti ya mti. Kijiti cha mbao nyeusi, laini, kimetundikwa kwa mkanda wa ngozi kwenye kigingi. Unene wa vidole viwili kamili. Juu yake herufi mbili, J na E.

Ni kipimo chake. Alikuwa akikipitisha kuzunguka kiunzi kizima kuhakikisha hewa iko sawa kila mahali, kisha akakiacha palepale kwa atakayemfuata. Shangazi hakujua habari zake. Baba mkwe wake hakujua. Kilikuwa kinasubiri mjinga wa kutosha wa kuingiza mkono mpaka huko.

Mahlon alikigeuzageuza mkononi. Kisha akakipitisha kwenye upenyo, polepole, pande zote. Kiliteleza bila kukwama hata mara moja. Akanipa nami nikafanya vilevile. Hatukusema kitu. Kwake ni kawaida, kwangu ni ugonjwa.

Jumatano, 21 Oktoba

Tumefungua maji. Hakuna watu, sisi watatu tu na Lorraine, ambaye amerudishiwa beseni na bado ananitazama.

Shangazi aliweka mezani kikombe cha kahawa kilichojaa hadi ukingoni. Upande wa pili wa ukuta mawe yakashika ngano, yakanguruma kama treni ya makaa. Sote tukainamia kikombe. Uso wa kahawa ulitulia kama kioo. Niliona sura yangu humo, na nyuma yangu boriti za Jost, hazitikisiki.

Machozi yalinitoka. Nimesema ni vumbi la unga. Lorraine akasema unga haujaanza kutoka.

Ule ufa Mahlon ameujaza kwa chokaa na mchanga, kama walivyofanya wa zamani. Amesema utapona. Kisha akatafuta maneno, akayapata: kila Jumamosi wageni wanakuja, wanauliza maswali, na yeye maswali yanamtesa. Mimi nina mdomo. Nije niwaeleze. Kijiti cha Jost nitakitunza mimi.

Shangazi akasema ni wazo zuri, mradi Irwin aeleze tu na mikono akae nayo mfukoni.

Nimekubali. Nimekubali kwa heshima, nilidhani, mpaka nilipojikuta nimemkumbatia Mahlon. Alisimama wima kama nguzo. Lakini hakuondoka.

Alhamisi, 22 Oktoba

Mtu mpya! Nimeamka na unyenyekevu. Nimekwenda mapema kujifunza nyumba yote ili Jumamosi nisiaibike.

Nikapanda mpaka juu kabisa, kwenye ghala la nafaka chini ya paa. Uzuri ulioje! Boriti zimepandana kama mbavu za nyangumi. Nikasimama nikashukuru kwamba nimepewa nafasi ya kumwelewa fundi huyu.

Ndipo nikaona mashimo. Sita, marefu, membamba, kwenye ukuta wa mawe, matatu kila upande. Hayana kioo wala mbao. Upepo unaingia huku na kutokea kule, unapita juu ya ngano yote kana kwamba ni barabara yake. Nafaka imekauka kabisa, masikini.

Jost alikuwa hodari, lakini alikuwa binadamu. Kufika juu alichoka, madirisha akayaacha nusu.

Mahlon anampeleka Shangazi Reading Jumatatu, hatarudi hadi jioni. Nimeshapima mashimo yote. Sitatumia simenti, hapana, mtu hujifunza. Safari hii nitatumia mbao.